Mashine Isiyokata Ngozi

Ndugu yangu mkubwa alijikata kidevu asubuhi moja akinyoa, na mpaka chakula cha mchana kikaiva damu ilikuwa bado inatoka. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, ungedhani ameumwa na mbu. Lakini daktari alikuwa amempa dawa za moyo ambazo zinafanya damu iwe nyepesi, akamwonya ajichunge sana na visu na wembe. Na mikono yake inatetemeka. Akibeba kikombe, nusu ya chai inabaki kwa sahani. Sasa mtu kama huyo anashika wembe mtupu kwa vidole viwili, anasimama mbele ya kioo. Mke wake, mulamwa wangu, aliniita nikaja mbio nikamkuta amekaa na taulo chini ya kidevu. Taulo lilikuwa la bluu. Siku hiyo sikujua niseme ni la rangi gani.

Nikamwambia, "Mzee, si ufuge ndevu tu?"

"Nifuge kama mbuzi?"

"Basi nenda kwa kinyozi."

"Hakuna mtu atanishika shingo na chuma mkononi. Nimekataa tangu ujana, nikubali leo?"

Ndivyo alivyo. Hata padri akimwekea mkono wa baraka anakunja shingo kama kobe. Zile mashine za plastiki za dukani alizijaribu. Ni nyepesi mno, mkono ukiruka nazo zinaruka. Nikafikiria nikirudi nyumbani: huyu anahitaji kitu kizito cha kuutuliza mkono, chenye kichwa cha kuufunika wembe ubaki na mdomo mdogo tu wa nje. Hicho kitu sikukiona dukani. Nikasema nitakitengeneza mimi kabla hajajichinja.

Mimi ni fundi wa vyuma hapa Kakamega. Majiko, ndoo, bawaba za mlango, ndiyo kazi yangu. Shule niliacha mapema kwa sababu mwalimu alikuwa ananichapanga nikiandika na mkono wa kushoto, nikaenda kwa mjomba Likuyani kuchunga ng'ombe, na kati ya wale ng'ombe kulikuwa na mmoja aliyekuwa anakulanga nguo kwa kamba, shati langu la Krismasi alimaliza mpaka vifungo. Lakini nilikuwa nasema nini? Vipimo. Sikusoma vipimo. Mimi napima kwa ukucha na kwa jicho, na kwa jiko au ndoo jicho linatosha.

Nikayeyusha mfereji mbovu wa maji, wa shaba, nikapata sahani mbili, ya juu na ya chini. Wembe unalala katikati kama mboga kati ya matonge mawili ya obusuma, ugali wetu, bolti inabana. Mpini nikatoa kwa kipande cha nondo, kwa uzito wake na kwa yale makunyanzi yanayozuia mkono kuteleza.

Sikuthubutu kumpa ndugu yangu. Nikatafuta kwanza watu ambao damu yao inaganda.

Wa kwanza alikuwa muuza nyama wa Lubao, mwenye ndevu kama waya. Kila mtu nilimpa wembe wake mpya, na kile kichwa cha shaba nilikichemsha kabla ya kumpa mwingine. Mke wangu akasema hiyo sufuria isirudi jikoni kwake. Muuza nyama alirudi na vipande vya gazeti vimemganda uso mzima.

"Fundi, hii ni ya kunyoa ama ya kuchuna? Wateja wananiuliza leo nani amechinja nani."

Wembe ulitokeza sana. Nikakata sahani na tupa, nikausukuma wembe ndani, nikampa katekista wetu ambaye shingo yake hutoka vipele. Akarudi uso wake vilevile.

"Inanibembeleza tu," akasema. "Ndevu zinaicheka."

Nikautoa nje kidogo, unene wa ukucha wa mtoto. Nikachonga meno kwenye sahani ya chini ili povu lipate njia. Sasa ilinyoa, lakini hapa na pale bado ilimchokoza damu. Tone moja, mawili. Kwa katekista tone si kitu. Mimi kila tone nililiona kwenye lile taulo.

Ndipo akaja kukhu, nyanya wa kijiji kizima. Kwetu, mtu akishazikwa, watu wa nyumba yake hunyolewa nywele, na kuna mama mjane mzee anayeitwa kuifanya hiyo kazi. Huyu ndiye yule wa kwetu. Nywele hukusanywa na wembe huzikwa pamoja nazo. Hakuna mtu anayerudi na wembe huo nyumbani. Alisikia habari kwa muuza nyama, akaja akasema, "Nipe hako kamashine. Vichwa ninavyo." Nikampa.

Aliporudi alisema jambo ambalo wanaume wote hawakuweza kusema.

"Wembe unatetemeka ndani. Kwa kichwa cha mtoto umenyamaza. Kwa kichwa cha mwanamume unaimba."

Nikaelewa papo hapo. Sahani zilibana wembe katikati, makali yakabaki yanacheza. Halafu nikamuuliza ni vichwa vya wapi.

"Vya pale msibani, ng'ambo ya mto."

"Na umenirudishia, kukhu?"

"Wembe nimeuzika na nywele zao, inavyotakiwa. Hiki ni kishikio. Kishikio kinajua nini?"

Niliona ana haki. Nikaichemsha, nikakunja sahani ya juu kidogo kama mgongo wa kijiko, ibane karibu na makali. Nikajaribu kwa shavu langu. Kimya kabisa. Nikampelekea ndugu yangu.

Alinyoa uso mzima na hakuna tone. Mulamwa alikuwa amesimama na pamba mkononi, akabaki nayo. Ndugu yangu akajipapasa mashavu, akasema, "Kumbe mwalimu alichapa mkono wa maana." Kwa wiki kadhaa nililala vizuri.

Halafu mulamwa akasikia kile chuma kilipitia wapi, akaja kwangu karakana, hakusalimia.

"Umemletea mume wangu kitu cha matanga."

"Wembe ulizikwa, mulamwa. Muulize kukhu."

"Kukhu alishika nini mkononi? Alishika wembe au alishika kile chuma? Chuma ndicho kiliwanyoa!"

Wazee waliotuachia hiyo desturi walijua wembe mtupu tu. Hawakutuambia ukiwa na mpini tuzike nini.

"Kiko wapi?" nikauliza.

"Nimekitupa chooni."

"Na sasa ananyoa na nini?"

Hapo ndipo uso wake ulibadilika. Tulifuatana mbio mpaka kwao. Tukamkuta nyuma ya jikoni, povu shingoni, wembe mtupu kati ya vidole viwili. Akatuona kwenye kioo.

"Mtu asiniite," akasema. "Mkono utaruka."

Tulisimama hapo mpaka akamaliza. Siku hiyo hakujikata. Kesho yake alinyoa tena.

Mulamwa amekubali nitengeneze nyingine, lakini kwa sharti moja: isiguse uso wa mtu yeyote kabla ya uso wa mume wake. Si muuza nyama, si katekista, hata si mimi. Anasema hajui nyuso za watu zimetoka kwa matanga gani. Nimembembeleza, amekataa, na ndugu yangu safari hii yuko upande wake. Muuza nyama amenipa ngozi ya mbuzi nijaribie. Nimeinyoa yote, lakini ngozi ya mbuzi haikuambii pale inapouma.

Shaba mpya si kama ile ya kwanza, ni laini zaidi. Nimekunja sahani nikikumbuka nilivyokunja ile, na mdomo wa wembe nimeupima kwa ukucha. Nadhani ni sawa. Ukucha wangu siku hizi umepasuka.

Asubuhi hii ndugu yangu ametuma mtu kuuliza kama iko tayari. Nimesema iko tayari. Nimeifunga kwa kitambaa safi, na pamba nimebeba nyingi.