Mama Nguzo na Mota ya Tatu

Mama Nguzo alizijua nguzo za umeme kama wengine wanavyojua wajukuu wao: ipi imeinama, ipi ina mchwa, ipi hulia upepo ukivuma. Kazi yake ilikuwa kupanga mahali pa kufunga paneli za sola kwenye laini za vijijini, na alipanga kwa miguu. Soli zilimlika hadi akikanyaga sisimizi anajua kama ni dume.

Laini hii ilikuwa na nguzo arobaini na moja. Mwanzoni, kwenye transfoma, kipimo kilisoma volti mia mbili thelathini. Nguzo ya mwisho, kwa shangazi mmoja mwenye mashine ya kusaga, mia moja sabini. Balbu yake ilikuwa hafifu, ukitaka kuiona sharti uwashe kiberiti.

"Mota mbili zimeungua kwa umeme huu mdogo, mwanangu," shangazi alisema. "Hii ya tatu ikiungua, nafunga mlango."

Bosi wake Mama Nguzo naye alitaka paneli zote zikae kwenye transfoma, kando ya barabara, wageni wazione.

"Pale umeme umejaa, bosi. Unammwagia maji mtu aliyetoka kuoga."

"Haya, zipeleke mwisho. Lakini watu wanasaga alfajiri na magharibi. Jua lako litawafaa nini? Na mchana, mashine ikiwa imezimwa, umeme si utafurika upasue balbu?"

Mama Nguzo akafungua daftari lake. Nguzo alizihesabu zote. Wasagishaji hakuwauliza hata mmoja.

Basi akaanza upya, nyumba kwa nyumba, wiki mbili, akiwabembeleza waje kusaga saa sita mchana.

"Saa sita namlaza mtoto," mmoja akamkatalia.

"Mlete. Mashine ikinguruma mle ndani, hata mimi nimewahi kulala nimesimama."

Wakakubali, wengine ili aondoke tu. Akapanga paneli nyingi kwa shangazi, chache katikati ya laini, na bosi akatia saini akiguna.

Siku ya siku, saa sita, jua la utosi na foleni mlangoni. Shangazi akabonyeza swichi amefumba macho. Mota ikakohoa, ikashika. Kipimo: mia mbili ishirini. Shangazi akaweka kiganja juu ya mota, akakiacha pale debe zima likisagwa.

"Vuguvugu tu," akasema. Akaondoa mkono, akamwita wa pili alete debe lake.