Msamba Nilioupiga Siku ya Posa

Bora niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa baba mdogo, maana yeye akiisimulia ananiweka sakafuni saa nzima: ndiyo, mimi ndiye mchumba aliyepeleka posa Nkoaranga, kule mlimani, kwa suti akarudi na kitenge cha bibi.

Kosa lenyewe ni la nusu saa tu. Nafanya karate kwenye ukumbi mmoja pale Sokon One, na mwalimu wetu, Sensei Rehema (mfupi, mpole, anaweza kukulaza chini huku anakuuliza habari za nyumbani), ana utaratibu wake: nusu saa ya kwanza kunyoosha viungo, nusu saa ya pili nguvu, yaani kuchuchumaa na kuinuka mpaka mapaja yatetemeke kama mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa mtu wa nusu ya kwanza. Ya pili ikikaribia, mara tumbo, mara simu, mara nimeitwa mahali.

"Wewe kushuka unajua," aliniambia siku moja, "kupanda hujui. Siku ukikwama huko chini usitaje jina langu."

Nikaona ananionea wivu. Chumbani kwangu Themi nikawa kila jioni najitanua miguu kupiga msamba, chini yangu nimepanga madaftari ya masomo ya jioni (kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na ndevu, msicheke), na kila wiki naondoa moja. Likaondoka la Historia, likaondoka la Jiografia, likabaki la Hesabu, ambalo lilinishinda darasani na sasa likanishinda sakafuni. Lakini kwa watu nilishatangaza kwamba nafika chini kabisa, hata simu ikiita naipokea nikiwa hukohuko.

Siku ya kumposa Anna ikafika. Mshenga alikuwa baba mdogo, na njiani aliniagiza jambo moja: "Kazi yako leo ni kukaa na kumeza mate. Ukiulizwa, nitajibu mimi." Tukavua viatu mlangoni, tukaingia sebuleni, sakafu imepigwa polishi nyekundu mpaka unajiona meno. Mle ndani walikuwamo Baba Anna, mkulima wa kahawa, mwembamba, miaka sabini na ushee, bibi yake Anna, shangazi wawili, na mzee wa kanisa aliyeletwa kwa ajili ya sala. Anna mwenyewe alikuwa jikoni, nikimwona jicho moja tu kwenye pazia.

Mambo yalienda vizuri kupita kiasi. Kisha Baba Anna akauliza, "Na huyu kijana, ukiacha kazi, ana nini kingine?" Baba mdogo, ambaye sifa zangu alishazimaliza na nyingine akazirudia, akasema, "Ni mtu wa mazoezi. Anapiga msamba."

Bibi akaweka kikombe chini. "Msamba wa nani?"

"Wake mwenyewe, mama."

Bibi akainama, akaikagua suruali yangu katikati bila aibu yoyote. "Mbona mzima?"

Nikaelewa kwamba kwa bibi msamba ni pale suruali inapopasukia, basi, hajui mwingine. Hapo ningemeza mate kama nilivyoagizwa. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Bibi, ngoja nikuonyeshe."

Jamani, soksi mpya juu ya polishi. Nilikusudia kushuka taratibu. Miguu ikaondoka kila mmoja na njia yake, nikapita usawa wa daftari la Hesabu bila kuaga, nikatua. Shangazi wakapiga makofi. Nilikuwa bingwa wa Afrika Mashariki kwa muda wa sekunde mbili hivi, kisha Anna akaingia na bakuli la loshoro, mahindi kwa mtindi, na mzee wa kanisa akasimama. "Tuombee chakula."

Wote wakasimama, wakafumba macho. Mimi nikabaki pale chini kama mkasi uliosahaulika. Sala ikaanza na mvua, ikapanda kwenye kahawa, ikashuka kwenye migomba, ikazunguka kwa wagonjwa na wasafiri, na mimi najaribu kuinuka kimyakimya; mikono inateleza, na mapaja yaliyopaswa kunipandisha, ambayo sikuwahi kuyaomba kazi hiyo hata siku moja, yakakataa katakata. Nikajikaza mara ya mwisho. Krrrr.

Mzee wa kanisa akapandisha sauti. "Na wote waliopatwa na shida ya ghafla," akasema. "Amina."

Bibi alikuwa wa kwanza kufumbua macho. "Aa," akasema. "Sasa nimeuona."

Aliyeninyanyua ni Baba Anna. Alichuchumaa, visigino vimekaa sakafuni, akanishika makwapani akainuka nami kama mkungu wa ndizi, bila kushika kiti, bila hata kuguna. Bibi akaichukua suruali kuishona, akakuta haishoneki, nami nikala loshoro nimefungwa kitenge chake. Anna akaniinamia kunipa maji ya kunawa. "Si ulisema unapokea na simu?"

Mwisho Baba Anna akamgeukia baba mdogo. "Kijana sina neno naye. Ila mtu asiyeweza kujiinua kwenye sakafu yangu, kwenye mlima huu atabebaje mtoto? Aje kila Jumamosi. Siku atakayopandisha gunia la samadi mpaka kwenye kahawa ya juu bila kupumzika, wewe mshenga rudi tuongee."

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Sensei Rehema alicheka mpaka mkanda ukamlegea, na siku hizi nusu saa ya pili mimi ndiye wa kwanza kwenye mstari. Jumamosi iliyopita nilipumzika mara moja tu, tena pale penye kona ambapo hata ng'ombe hupumzika. Nimeapa sitashuka tena mahali nisipojua nitapandaje, na mbele ya wakwe, hata kijiko changu kikianguka, nitaomba mtu mwingine aokote.