Mkwe Atakaa Wapi

Vijana wakizungumzia magari husifia nafasi ya miguu, urefu wa paa na ulaini wa viti. Juzi mwanangu alinieleza kwa kirefu kwa nini shangingi linalipita gari dogo kwa raha, nami nikamwacha aseme mpaka akachoka. Kipimo changu mimi hakimo katika maelezo ya muuzaji yeyote. Nauliza tu mkwe atakaa wapi.

Niliolewa Kisondela, katika nyumba iliyoushika mwiko wa mkwe kwa mikono miwili, ingawa Jumapili wote tulikuwa kanisani. Mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamsemeshi, na akimsikia anakohoa njiani anajibanza kwenye migomba na kugeuza uso mpaka apite. Ni heshima, na sikuwahi kuidharau. Lakini iliniuma, kwa sababu baba yangu mzazi alifariki kabla sijaweza kuishika sura yake. Nilikwenda ukweni nikiwa na kiu ya baba. Nikampata, na sikuruhusiwa kumwona.

Mume wangu alikuwa akipeleka ndizi Dar es Salaam. Biashara zilipofunguliwa na magari ya mtumba ya Japani yakaanza kufika hadi Tukuyu, naye akajipatia gari dogo. Jamani, viti vile. Vilikuwa vya mahameli ya kijivu, ukikaa unazama taratibu, na mashimo ya barabara ya Mpuguso unayasikia kwa mbali tu. Kilichokosekana ni nafasi. Kutoka kiti cha nyuma hadi kisogo cha aliyekaa mbele hapakufika hata mkono mmoja. Ukipumua, mwenzako anapata joto shingoni. Sasa humo mwiko utakaa wapi?

Kwa hiyo kila Jumapili ilibidi mmoja wetu, mimi au baba mkwe, atembee. Ilieleweka kwamba ni mimi, maana yeye ni mzee. Mwenyewe hakukubali. Alipopata habari kwamba nina mimba, alianza kuondoka mapema kabla hatujaamka, kwa miguu, katika mvua yetu hii isiyojua kupumzika, ili mimi nikute gari ni tupu. Nikifika kanisani nauona mgongo wake upande wa wanaume, koti limelowa chapachapa. Mimi nilikuwa mkavu, nimetoka kwenye mahameli, na ibada yote nilikaa na aibu yangu.

Mtoto alipozaliwa, mume wangu aliliuza lile na kuleta shangingi kuukuu. Lilikuwa refu, kulipanda ni lazima ukunje sketi na ushike mpini. Nyuma kabisa, kupita kiti cha abiria, palikuwa na viti viwili vya pembeni vilivyotazamana: sponji nyembamba juu ya bati, na magoti yanagonga tairi la akiba. Nikishuka nilijinyoosha kama bibi kizee. Lakini huko nyuma palikuwa na mlango wake. Niliingia mimi kwanza, nikajitanda kanga, nikageukia kioo cha nyuma. Kisha mama mkwe akakaa katikati na mtoto, na mwisho kabisa baba mkwe akapanda mbele. Mume wangu alikipinda kioo cha dereva kikatazama paa. Tukaondoka wote pamoja, mara ya kwanza tangu niolewe.

Nilivipenda viti vile vibaya. Hapo ndipo nilipoijua sauti yake. Alikuwa anasema na kioo cha mbele, kwa Kinyakyusa chake cha taratibu, maneno ya kunifikia mimi. Alisema chakula cha jana kilikuwa kizuri, ndaga fijo, nami sikuruhusiwa kuitikia shukrani hiyo. Alisema mtoto amechukua masikio ya mama yake. Sijui aliyaonea wapi masikio yangu, na nilicheka ndani ya kanga. Gari likitumbukia shimoni alimkemea mwanawe, "Polepole, wewe. Leo hukubeba ndizi."

Mara mojamoja niliiba jicho, nikaona mvi za kisogoni na kola iliyopigwa pasi. Nilitamani ageuke. Nasema kweli, nilitamani, nikatubu, nikatamani tena. Miaka ikaenda hivyo.

Kisha kifua kikamshika. Hospitali ya Tukuyu wakasema apelekwe Mbeya. Shangingi lilikuwa juu mno kwake, na kiti chake kilisimama wima, kisingemfaa mtu asiyeweza kukaa. Jirani yetu mwenye duka akaja na gari lake dogo, lenye kiti kirefu laini cha nyuma. Wakati wanamwingiza, mimi nilikuwa jikoni nimegeukia ukuta. Mama mkwe akaja akanishika bega.

"Anakuita," alisema. "Anataka ukakae naye kiti cha nyuma. Anasema mwiko ni wake, na leo ameuondoa."

Ningetoka mbio vilevile nilivyokuwa. Sikutoka. Mikono yangu ilikuwa na utomvu wa ndizi, kanga inanuka moshi, na niliona siwezi kukaa karibu na baba kwa mara ya kwanza katika hali ile. Nikanawa mikono. Nikanawa miguu. Nikafungua sanduku nikatafuta kitenge kipya, nikakifunga vizuri. Nilipotoka uwanjani nilikuta alama za matairi kwenye tope. Pumzi zilikuwa zimembadilika, wakashindwa kungoja. Siku ya pili yake alifariki hukohuko Mbeya.

Baada ya mazishi nilimwuliza mume wangu baba alisafirije.

"Njia nzima alijibana mlangoni," aliniambia. "Nilimsihi alale, anyooshe miguu, kiti chote ni chake. Akakataa. Alisema, 'Hapo ni pa binti yangu.'"