Nje Nishike, Ndani Niache

Shangazi yangu ana sheria moja, na kila anayemfahamu anaijua. Mkitoka naye kwenda popote, sokoni, zahanati au msibani, unaruhusiwa kumshika mkono. Mkirudi na kufika kizingitini pake, mkono wake anauchukua. Na hauchukui kwa adabu, anaunyakua kama aliyegusa sufuria ya moto, kisha anaingia peke yake huku anasema, "Nje nishike, ndani niache." Wageni hudhani amekasirika, kumbe amefika kwake tu.

Macho yalimwacha taratibu. Zahanati walisema ni presha ya macho, na walipolisema hilo tayari alikuwa anatunga uzi kwenye sindano kwa kutumia ulimi na vidole. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa magauni ya maharusi na sare za shule, na jinsi alivyozoea kupima watu kwa futi kamba ndivyo alivyoipima nyumba yake wakati macho yanakwisha. Aliipima kwa kiganja. Unaingia mlangoni, mkono wa kushoto unaukuta ukuta unaotenga sebule na jiko. Unaufuata. Unapita swichi, ambayo yeye haimhusu, unapita msumari wa kalenda, unafika kwenye ufa mwembamba ulioshuka toka juu hadi chini. Ukishaupita ufa, umefika jikoni. Kwa njia hiyo alikuwa anapika, anafua, anapiga pasi, na ole wako uhamishe kiti.

Nyumba yenyewe lakini ilikuwa imechoka. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, dari imelegea, sakafu ina mashimo. Ikanyesha mvua moja ya nguvu, maji yakatuama sebuleni, na shangazi akateleza akaangukia nyonga. Hakuvunjika, ila mwanawe wa pekee alikuja mbio roho mkononi. Huyo ni binamu yangu. Namwita kaka kwa kuwa alinitangulia kuzaliwa, na hajawahi kuniacha nikasahau.

"Mama, basi sasa. Njoo ukae kwetu."

"Kwenu nikafanye nini? Nishikwe mkono mpaka chooni?"

"Tutakushika. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya gani? Wewe nilikuwa nakushika mkono ukiwa mdogo, na kila tukifika mlangoni unauchomoa unakimbia. Mkono wangu ulikuwa na ubaya gani?"

Walibishana mpaka chai ikapoa, na wote wawili ni vichwa vigumu, kwa hiyo mimi nilikula mkate. Mwishowe wakaelewana. Nyumba itakarabatiwa yote, toka paa mpaka sakafu. Ikiisha, na shangazi akaweza kujiendesha mwenyewe humo ndani, habari za kuhama zife. Akishindwa, atafunga virago bila kelele. "Neno langu nimelitoa," alisema shangazi, na shangazi akishatoa neno harudi nyuma hata kwa dawa.

Kaka akaleta fundi. Alikuwa mtu mcheshi, mkono wake mzuri kazini, ila ukimuuliza kitu chochote kitaisha lini, jibu lake ni moja. Tukambatiza Kesho, na jina likamkaa. Mimi na mafundi hatupikiki chungu kimoja, na huyu nilimpania tangu siku alipovua mabati yote halafu akataka kuondoka, wingu jeusi likiwa limetuinamia.

"Fundi, paa lini?"

"Kesho, dada."

"Na mvua hii je?"

"Hiyo mpaka kesho kutwa."

Na kweli mvua ikasubiri. Nilizidi kukereka.

Shangazi alikataa katakata kwenda kukaa kwa watu wakati wa ujenzi. Alihamia chumba cha uani, na kila jioni mafundi wakishanawa na kuondoka, nami nimetoka kazini, tulikuwa tunaingia kukagua. Yeye ndiye aliyekagua. Mimi nilikuwa nafuata nyuma nikikwepa misumari. Alikuwa anapiga makofi katikati ya chumba na kusikiliza. Paa lilipokuwa limevuliwa, kofi lilipotea angani. Mabati mapya yalipopanda, likarudi na kishindo. Siku dari ilipofungwa, alipiga kofi, akatabasamu, akasema, "Sasa naona nyumba imevaa."

Kazi ilipofika kwenye lipu ndipo vita vilipoanza. Shangazi hawezi kuukagua ukuta bila kuushika, na lipu mbichi haishikwi. Kesho alikuwa anafika asubuhi na kukuta michirizi ya vidole imezunguka chumba kizima, kama kuna jogoo aliyepita akitafuta mtama.

"Mama, lipu iache ikauke!"

"Nikiiacha, nitajuaje kama umefanya kazi? Pale karibu na dirisha pana kitambi."

"Kitambi?"

"Ukuta umevimba. Ungekuwa gauni ningelifumua."

Kesho alikwenda na pimamaji yake, akapima, akanung'unika, akakwangua. Tangu hapo akawa anamwita Mkaguzi, na nadhani alimpenda, maana nilimkuta mara moja akimwambia saidia fundi wake aache kipande cha ukuta kibichi karibu na mlango, "Mkaguzi apate pa kushika, asitusumbue kwingine."

Vyumba vya kulala vikaisha. Ukabaki ukuta wa sebule na jiko, ule wenye ufa. Siku moja nilimpeleka shangazi zahanati kupimwa presha ya macho. Tulikaa foleni mpaka makalio yakafa ganzi, tukarudi tunacheka, mkono wake kwapani mwangu. Tulipofika kizingitini akaunyakua kama kawaida yake, akaingia, akanyoosha mkono wa kushoto.

Mkono haukukuta kitu.

Mimi nilikuwa nimeshaona. Kaka na Kesho walikuwa wamesimama ng'ambo, upande wa jikoni, na kaka ameweka kidole mdomoni kuniashiria ninyamaze, uso umemjaa furaha. Ukuta haukuwepo. Kifusi kilikuwa kimezolewa, sakafu imefagiwa, na mwanga wa dirisha la jikoni ulikuwa unafika mpaka miguuni petu. Palikuwa pamependeza, siwezi kusema uongo. Nilivuta pumzi kwa jinsi palivyopendeza.

Shangazi alisogea hatua, akadhani ameelemea kulia. Akageukia kushoto zaidi. Akasogea tena. Mkono ukawa unapapasa hewani, kisha akageuka kabisa, na kutoka hapo hakujua tena mlango uko wapi na jiko liko wapi.

"Mbona ukuta haufiki?" aliuliza.

"Mama!" kaka akapaza sauti. "Tumekufungulia nyumba! Ule ukuta ulikuwa na ufa, na fundi kasema haubebi kitu, nikaona tuutoe kabisa. Sasa mwanga unaingia mpaka mlangoni!"

Kesho akainamisha kichwa akawa anautazama mwiko wake.

"Mwanga," shangazi akasema polepole. "Mwanga ni mzuri, baba. Asante." Kisha akageuka kunitafuta, akageukia upande nisiokuwepo, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nishike mkono."

Alikuwa ndani ya nyumba yake. Sijawahi kuumia vile. Nilimshika, na kiganja chake kilikuwa cha baridi, nikamtoa kupitia mlango wa nyuma mpaka chumba cha uani kama mgeni.

Halafu nikarudi nikampa kaka vidonge vyake. Nilimwambia ule ufa alioona ni ubovu ndio uliokuwa unamwonyesha mama yake jiko, na ule ukuta ndio uliokuwa barabara yake. Alijitetea. Alitaka mama apate hewa, alitaka ajivunie nyumba, na tangu lini mtu anaupenda ukuta? Alikuwa anaongea kwa hasira, lakini macho yalikuwa mekundu. Kaka si mtu mbaya. Anapenda kwa haraka, haulizi.

Vigae vya sakafu vikawekwa, milango ikafungwa, na shangazi akahamia ndani kujaribu. Alijaribu kweli. Alitafuta jiko akajikuta mlangoni pa chumba cha kulala. Alibeba sufuria ya maji akapotea nayo katikati ya sebule, akasimama, mpaka mikono ikachoka na maji yakamwagika kwenye vigae vipya. Aligonga paja kwenye kona ya kabati. Nikisema nimsaidie, ananiambia ngoja. Nikingoja, moyo wangu ndio unaopasuka. Jioni hakukagua tena. Kesho, aliyekuwa sasa anapaka rangi, alikuwa anazitazama kuta zake ambazo hazina alama hata moja ya kidole, na wala hazikumfurahisha.

"Mkaguzi anaumwa?" aliniuliza.

Asubuhi moja ya mapumziko shangazi aliniita. Alikuwa ameshavaa gauni la kutokea.

"Nifungie begi. Halafu mpigie kaka yako aje anichukue."

"Shangazi, hebu tujipe muda kidogo."

"Neno langu nilitoa. Usinifanye mwongo uzeeni."

Kaka alifika kabla begi halijafungwa vizuri. Kwa miaka alikuwa anaiomba siku hii, na mkewe alikuwa ameshatandika kitanda. Aliingia, akamkuta mama yake ameketi kwenye kiti katikati ya ile sebule yenye mwanga mwingi, begi miguuni, mikono mapajani.

"Mama, twende?"

"Twende." Akanyoosha mkono kuelekea sauti yake.

Kaka alianza kuusogelea, kisha akasita. Nilimwona anautazama ule mkono, anaitazama sakafu, anautazama mlango ulivyo mbali.

"Mama, hujawahi kunipa mkono humu ndani."

"Leo nakupa. Shika, twende."

Akaushika, lakini hakumwinua. Alikaa chini kwenye vigae, mbele ya kiti, mtu mzima mwenye kitambi chake na funguo za gari kiunoni, akaulaza uso kwenye kiganja cha mama yake akalia. Mimi nilijikaza kisabuni, ikashindikana.

"Nisamehe, mama."

"Ungeniuliza tu, baba. Ningekwambia."

Kutoka juu ya ngazi tukasikia mtu anakohoa. Tulikuwa tumemsahau Kesho, brashi mkononi, rangi inamdondokea begani.

"Bosi, tofali nyingi hazikuvunjika. Ziko uani. Ukuta naurudisha."

"Lini?" nikamuuliza, kwa mazoea.

"Leo."

Shangazi ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha akasimama, akajipangusa.

"Usiurudishe wote," alisema. "Mwanangu anataka mwanga wake. Na huyu mpwa wangu naye nilimsikia siku ile alivyovuta pumzi, anajifanya yuko upande wangu." Nikaona aibu, nikatazama dirishani. Akauachia mkono wa kushoto uning'inie kando ya mwili, akaukunja kidogo, kiganja kikatazama chini kama anakilaza juu ya meza. "Unijengee mpaka hapa. Mwanga upite juu, mimi nipite pembeni."

Kesho akashuka na futi yake. Kaka akamwongoza mama yake mpaka mahali ulipokuwa ukuta, na Kesho akapiga goti kupima toka sakafuni mpaka kwenye kiganja.

"Simama kama unavyotembea, mama. Usijivute juu."

"Wateja wangu wote walikuwa wanajivuta juu. Leo ndiyo nimejua kwa nini."

Begi alikataa lifunguliwe. Alisema litakaa palepale, kando ya kiti, mpaka aone kama ataweza. Alirudi chumba cha uani kusubiri. Kiukuta kikapanda mpaka usawa wa kiuno, kikaanza karibu na mlango na kuishia jikoni, juu kikalainishwa kwa saruji. Siku ya kulainisha, shangazi alikuja kusimama karibu na Kesho.

"Na ufa wangu?"

"Mama, fundi gani anajenga ufa? Watu wataniona mimi sijui kazi."

"Basi."

Kesho akaguna. Akatazama kulia na kushoto kama mwizi, akageuza mwiko, akakandamiza ukingo wake kwenye saruji mbichi karibu na mwisho wa ukuta. Ukabaki mfereji mwembamba. "Mtu akiuliza," akasema, "sikujenga mimi."

Saruji ilipokauka, shangazi akamwita kaka akamwambia ampeleke mpaka barabarani wageuze. Hakuwa na shida yoyote barabarani. Alitaka kuingia nyumbani kwake kutokea nje, kama watu. Mimi na Kesho tulibaki ndani, tumebanana kwenye kona, na Kesho mwenyewe alikuwa amevua kofia. Tuliwasikia wakirudi. Kaka alikuwa anaongea sana, kama afanyavyo akiwa na hofu. Walipofika kizingitini nikaona alivyoushika ule mkono, kwa nguvu, kama mtoto asiyetaka kuupoteza sokoni.

Shangazi akaunyakua.

Aliunyakua mpaka kaka akayumba. "Nje nishike," akaanza, na kaka akamalizia, "ndani niache." Akaingia. Mkono wa kushoto ukashuka, ukatua juu ya kiukuta, ukateleza nacho bila kusita. Alitupita sisi wawili bila kutujali. Kidole kikaingia kwenye ule mfereji, akageuka, na muda si muda tukasikia birika linawekwa chini ya bomba na maji yanaanza kujaa.

Kaka alikuwa bado amesimama kizingitini, mkono uko hewani vilevile alivyoachwa, analia na kucheka kwa pamoja.

"Na hilo begi," sauti ikatoka jikoni, "lirudishe chumbani kwangu. Mtu anaweza kujikwaa."