Banjo Iliyoota Moto

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Sagalla, maana wale huongeza chumvi, na aibu yangu tayari ina chumvi ya kutosha.

Mnajua mimi hupiga banjo kwenye bendi yetu ya Voi, Nyasi Kavu. (Muziki wenyewe ni bluegrass, ule wa kasi wa banjo na fidla kutoka milima ya Marekani, wenzetu wanajisifia nyasi za buluu, na zetu za Voi mnazijua zilivyo.) Mghoi anapiga fidla, Mzee Mwashuma anapiga zile ngoma zetu kubwa za mwazindika, na mimi katikati najiona bwana mkubwa. Lakini Mama alikuwa hajawahi kuja kunisikia. Banjo aliiita "sufuria yenye kamba", na kaka yake alishanitengea kazi ya kuuza simenti dukani kwake kule Miasenyi. Basi tulipoalikwa nyumbani, mlimani Sagalla, siku ya kufungua tangi la maji la kanisa, Mama akaniambia, "Nitakuja nisikize. Ukinifurahisha, sitakuuliza tena mambo ya simenti. Ukiniaibisha, Jumatatu uko kwa mjomba wako." Nikakubali. Mimi na mdomo wangu!

Asubuhi hiyo mlima ukaamka na ukungu na manyunyu (mwaka mzima tunalilia maji, yanakuja siku ya kufungua tangi). Sasa banjo yangu, plastiki ya uso wake ilipasuka zamani nikaiwamba ngozi ya mbuzi, na ngozi ikipata unyevu hulegea. Nikagusa nyuzi, ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Karibu na jikoni la kina mama, Mzee Mwashuma alikuwa amewasha moto wa majani makavu na kuzielekeza ngoma zake hapo ili ngozi zikaze, kama ilivyo desturi. Nikajiambia, si dawa ndiyo hii? Nikaiegemeza banjo katikati ya ngoma, dakika mbili tu, nikaenda kuchukua chai, na chai ikaja na mahamri, na mahamri yakaja na stori, mpaka nikaitwa jina kwenye spika.

Nilipoishika ilikuwa ya moto, ngozi imekaza ajabu, inalia kama kengele.

"Kijana," Mzee akaniuliza, "hiyo umeiweka hapo muda gani?"

"Kidogo tu, Mzee."

Wimbo wa kwanza ulienda vizuri mno. Mama alikuwa safu ya mbele na leso yake ya kanisani, na mguu wake ulikuwa unagonga chini, nauona kwa macho yangu! Kichwa kikavimba. Wimbo wa pili nikawafanyia wenzangu ishara tuongeze kasi, Mghoi ananikazia macho kwamba hapana, mimi sioni wala sisikii, nainama, nachapa nyuzi, na pah! Ngozi ikapasuka ukingo hadi ukingo, na kile kijiti kinachoinua nyuzi kikaruka kikatua ndani ya chai ya mwenyekiti wa kamati ya maji.

Bado. Mtu huko nyuma akapiga kelele, "Tangi! Tangi limepasuka!"

Jamani, watu wetu na maji! Walinyanyuka wote kwa pamoja, kina mama wakabeba ndoo na sufuria za pilau, pasta naye na jagi, mbio mpaka kwenye tangi. Mimi nikarudi nyuma kwa woga, nikakalia ngoma kubwa, ikabingirika nami mpaka kwenye shamba la mahindi.

Nilipoinuka, viti vilikuwa vitupu isipokuwa kimoja. Mama akaja taratibu, akaichukua banjo, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko, akanusa.

"Umeichoma."

"Ndiyo, Mama."

"Babu yako alikuwa mwamba ngoma, hata hukuuliza? Ngozi ya ng'ombe ni nene, inavumilia moto. Ya mbuzi huota jua."

Nikainamisha kichwa. "Jumatatu niende kwa mjomba saa ngapi?"

"Jumatatu uko na mimi," akasema. "Kuna ngozi ya yule beberu wa Krismasi juu ya dari. Hii sufuria tutaiwamba ikae sawasawa, na ule wimbo utaumalizia nyumbani. Ulikuwa umeshaanza kunoga."

Nililia, sikatai, na mahindi yamejaa kwenye nywele.

Basi nimeapa, moto nimeziachia ngoma na chai. Siku ya shoo Mama hupiga simu asubuhi kuuliza banjo nimeianika wapi, nami namjibu ukweli. Watu wa Sagalla nao, wakituona tunapanda mlima na vyombo vyetu, huuliza kwanza kama walete ndoo.