Barua za Asani Kwenye Kabati la Ofisi

Nataka kuwaelezea habari za mama yangu mkubwa, Waridi, na sitaki mtu aniambie nipunguze ukali. Nimeupunguza miaka mingi na haikunisaidia kitu.

Alizaliwa Kabambare, binti wa mwalimu wa Kurani. Mdogo wake, Marie-Louise, ndiye aliyenizaa mimi. Yeye aliolewa na Mkristo wa Kasongo akabatizwa, ndiyo maana naitwa Raphaël. Waridi alibaki Mwislamu na hakuna aliyegombana na mwenzake kwa hilo. Idi tulikula kwake, Noeli alikula kwetu. Mumewe alifia kwenye kazi ya barabara, akamwachia mtoto mmoja, Asani, na shamba la mpunga kwenye njia ya kwenda Wamaza, pamoja na kile kipande cha pamba ambacho kila mtu alilazimishwa na serikali kulima, apende asipende.

Alilima vyote viwili. Ijumaa, siku asiyokwenda shamba, aliwakusanya wasichana wa jirani barazani kwake, akawafundisha kusoma Kurani na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama baba yake alivyomfundisha. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama mpini wa jembe, lakini akishika kalamu mwandiko ulitoka mzuri kuliko wangu, na mimi ndiye niliyelipwa mshahara kwa kuandika.

Asani alipokuwa kijana aliikimbia pamba. Alipitia Fizi, akavuka ziwa mpaka Kigoma, akaendelea hadi Kenya, akawa mpishi kwenye shamba la mzungu mmoja huko milimani. Barua zake, alizoandika kwa herufi hizo hizo za Kiarabu, zilikuja mara mbili kwa mwaka. Waridi alizisoma barazani kwa sauti, majirani wakisikia, kisha akazisoma tena peke yake.

Ukaja mwaka wa 1955. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya serikali ya Wazungu, Kasongo. Ukisoma magazeti ya mwaka ule ungedhani dunia nzima inalipuka: mabomu Kupro, mauaji Aljeria na Moroko, watu wamevamiwa nchini Malaya, mashamba yamevamiwa Kenya. Bwana mkubwa wetu, mzungu aliyeruka hata mlango ulipojifunga kwa upepo, alitundika ramani ya dunia ukutani akaniamuru nitunge orodha. Kila gazeti lilipofika nilipiga chapa kwa mashine: tarehe, mahali, wangapi wamekufa. Wazungu niliwaandika kwa majina. Wengine niliwaandika kwa idadi tu, kwa sababu gazeti lilifanya hivyo, nami nilinakili bila hata kukohoa.

Orodha ilivyorefuka, ndivyo woga wa bwana mkubwa ulivyokua. Siku moja alisema magaidi wamekwisha kuingia Kasongo. Wapi? Akaonyesha msikiti kwa kidole. Msikitini kulikuwa na wazee wanne na mbuzi wa jirani aliyependa kivuli cha pale! Basi dhikiri ikapigwa marufuku, walimu wa Kurani wakaandikishwa kama wezi, na ikatoka amri: barua yoyote yenye herufi za Kiarabu, inayoingia au inayotoka, isifike kwa mwenyewe mpaka isomwe na mtu anayeaminika. Mtu huyo hakuwepo. Barua zikawa zinafungiwa kabatini.

Mimi ndiye niliyekwenda posta kuchukua mfuko wa barua. Mwezi wa tatu nilitoa humo barua ya Asani. Jina lake lilikuwa nyuma ya bahasha, na shati langu lilikuwa na mfuko. Ningeitia pale na habari ingeishia hapo. Lakini mwaka ule nilikuwa nimeomba ile kadi ya wastaarabu, waliyopewa Waafrika walioonekana wamefanana na Wazungu vya kutosha. Nikaiweka barua mezani kwa bwana mkubwa kwa mikono miwili.

Mfanyakazi wa posta alimnong'oneza Waridi. Jumamosi akaja, miguu imejaa vumbi la njia.

"Raphaël, mwanangu, barua ya mutoto wangu iko wapi?"

"Iko ku bilo ya bwana mukubwa, Mama Mukubwa. Banatafuta mutu wa kuisoma."

"Mutu gani? Mimi nasomaka. Baniite, nitabasomea mbele yao, neno kwa neno."

"Nitabaambia."

Sikuwaambia. Ningesemaje kwa bwana mkubwa kwamba mama yangu mkubwa anajua maandishi ya magaidi? Nilikuwa mwoga, na sitafuti neno zuri la kufunika hilo.

Alirudi kila Jumamosi. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi mpaka polisi amfukuze, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, akarudi tena. Mwezi wa nne alinipa barua ya kumpelekea Asani, ya salamu tu, ili mtoto asidhani amesahauliwa. Niliipokea, nikamwambia itafika. Nayo ikaingia kabatini. Mwezi wa tano ikaja nyingine ya Asani, na mwezi wa saba nyingine. Hizo hakuna aliyemnong'oneza, na mimi ulimi wangu ulikuwa likizo.

Mwezi wa tisa nilipiga mstari huu kwa mashine: Kenya, shamba limevamiwa, wamekufa mwenye shamba, mke wake, na mpishi. Majina mawili na mpishi. Nikachomoa karatasi, nikaenda kula.

Wiki tatu baadaye akafika Kassimu, mchuuzi wa samaki wakavu aliyekuwa akienda na kurudi Kigoma. Watu wa kwetu walioko huko walikuwa wamepata habari kamili, na mpishi yule alikuwa Asani. Waridi alipoambiwa alikuwa anapepeta mpunga. Alimwaga ungo mzima chini, akawatukana kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, wale waliomuua mwanawe, kwa matusi ambayo sikujua kama anayajua, mpaka sauti ikakauka.

Nilimweleza bwana mkubwa. Alifikiri kidogo akasema, "Kama mwandishi amekufa, barua hazina hatari tena. Mpe mama yule." Kisha akaniuliza kama nimebadilisha utepe wa mashine. Ningempiga kwa mashine yenyewe! Nikajibu, "Ndiyo, bwana."

Jumamosi nilifungua kabati mbele ya Waridi nikampa barua tatu za Asani. Alitazama tatu zile, akanitazama mimi. Hakuketi. Akaipasua ya kwanza, akasoma kwa sauti ile ile ya barazani, makarani wote wakaacha kazi.

"Ama baada ya salamu, mama, mimi mzima, lakini huku hakukaliki tena. Shamba la jirani limevamiwa. Nimeomba ruhusa nirudi nyumbani. Bwana amesema nikimwonyesha barua ya mzazi wangu kwamba ananiita, ataniachia na kunipa karatasi ya njia. Basi niite, mama. Neno moja linatosha."

Ya pili ilisema hayo hayo, na kwamba sasa analala stoo kwa hofu, na kwamba labda barua ya kwanza ilipotea njiani.

Ya tatu ilikuwa fupi. "Mama, nimekukosea nini hata hunijibu? Kama ni kwa sababu niliondoka bila kuaga, nisamehe. Niite tu."

Akazikunja moja moja. Nilitaka anitukane kama alivyowatukana wale wengine. Nilikuwa nimekaza shingo kabisa nikingoja matusi, maana wao walimuua kwa siku moja na sisi tulikuwa tumemfungia njia miezi sita.

"Raphaël, ulijua mimi nasomaka."

"Nilijua, Mama Mukubwa."

"Hii ya tatu, uliitoa ku posta lini?"

"Mwezi wa saba."

"Mwezi wa saba alikuwa muzima."

"Ndiyo, Mama Mukubwa," nikasema. "Alikuwa muzima."