Rejeta ya Oili Niliyoifunga Mbele ya Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ile niliyofunga ndoa, mwanangu, ni siku niliyofunga rejeta ya oili kwenye gari la mbio la Mzungu mmoja pale Tunduma. Nimeisimulia mara chache sana. Ukiona nainamisha uso nikiwa naongea, usidhani ni uzee wa shingo. Ni aibu, na aibu yenyewe sasa ina umri mkubwa kuliko wa baba yako.

Wakati huo alitawala Mwingereza. Tunduma ilikuwa kizuizi cha barabarani, maduka machache ya mabati, na vumbi la malori yaliyokwenda na kutoka Rodeshia ya Kaskazini. Kando ya barabara palikuwa na karakana ya Mhindi mmoja tuliyemwita Bhai, na humo tulikuwa mafundi watatu. Fundi mkubwa alikuwa Mzee Silwimba, Mnamwanga wa Msangano, mtu wa maneno machache aliyeijua injini kwa kuisikiliza tu. Wa pili alikuwa Yohana, Mndali wa Isongole, kazi yake kuchomelea. Wa tatu ni mimi, kijana niliyerudi karibuni kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na kofia niliyoivaa upande na viatu vilivyolia nikitembea. Watu walinibandika jina la Kopabeliti, yaani ule ukanda wa shaba nilikotoka, nami nikalipenda, jambo linalokuonyesha nilivyokuwa mjinga.

Sasa shika na hili, maana bila hili hutaelewa kosa langu. Nilikuwa nimemposa Elina, binti wa huyo huyo Mzee Silwimba. Kwetu, zamani hizo, posa ikishapokelewa, kijana na wakwe zake hawasemezani. Humtazami baba mkwe usoni, huli naye, huinui sauti alipo, mpaka ifike siku ya kuingizwa ndani, wazee wawalishe pamoja na kuwafungua vinywa. Kwa watu wanaoishi vijiji viwili mbalimbali ni heshima nzuri isiyo na taabu. Lakini jaribu kuishika ukiwa unafungua nati moja na mkweo, yeye juu ya injini na wewe chini yake.

Tulitafuta njia. Mzee akitaka kunituma, alipitishia kwa Yohana. "Yohana, mwambie mkwe wangu alete spana kubwa," alisema, nami nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Yohana alinigeukia bila kucheka, akasema, "Mkweo anataka spana kubwa." Yohana akiwa hayupo, Mzee alisema na jiliwa, kile chuma kizito kilichofungwa mezani, cha kubania vitu vinapokatwa. "Jiliwa, breki za lori hili hazijakazwa," aliliambia, nami nikisikia hivyo nilikwenda kuzikaza. Bhai alikuwa akitucheka mpaka machozi yanamtoka. Alisema karakana yake ndiyo pekee ambamo hata vyuma vinapewa amri.

Basi akaja yule Mzungu. Alikuwa akichimba dhahabu yake upande wa Saza, na alikuwa na gari la viti viwili, rangi ya kijani, lisilo na paa, fupi kiasi kwamba mbuzi angeweza kuchungulia ndani. Lilikimbia kweli. Ila kwenye milima mirefu oili yake ilipata moto, ikawa nyepesi kama maji, na mshale wa geji ukaanza kushuka. Kwa hiyo aliagiza kutoka kusini rejeta ndogo ya kupozea oili, si maji. Ilikuja ndani ya boksi bila mabomba ya kulifaa gari lake. Mabomba ilibidi tuyakate na kuyapinda wenyewe.

Bhai aliuliza nani anaijua kazi ile. Nilimwambia kule nilikotoka nimezifunga nyingi. Mwanangu, nilikuwa nimeiona moja tu, na hiyo yenyewe niliiona imebebwa begani na mtu mwingine. Mzee Silwimba akamwambia Yohana, "Basi mwambie afunge yeye. Ila asifanye haraka."

Nilifanya haraka. Mzungu alikuwa amesema atarudi saa sita mchana, na atamchukua fundi mmoja kulijaribu gari, kuona kama oili inavuja. Nikapiga hesabu zangu. Saa sita ndiyo saa wasichana wa kwaya walipotoka kanisani baada ya mazoezi, na Elina alikuwa mmoja wao. Nilijiona tayari nimeketi kwenye gari lile, mkono mmoja nje, nikipita mbele yao. Kuanzia hapo kazi haikuwa tena kazi, ilikuwa safari ya kwenda kuonekana.

Rejeta niliifunga vizuri mbele, na sitajinyima sifa hiyo ndogo. Mabomba ya shaba niliyakata kwa msumeno, nikayapinda, nikayatia nati zake. Sasa bomba likikatwa kwa msumeno huacha chenga za shaba ndani. Ni lazima ulioshe kwa mafuta ya taa, ulipulize kwa pampu ya magurudumu, kisha upitishe kitambaa cheupe mara kwa mara mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia. Hiyo ni kazi ya saa nzima, na mimi saa nzima sikuwa nayo. Nikaanza kuyafunga mabomba hivyo hivyo.

Mzee aliniona. Yohana alikuwa ametumwa dukani. Mzee akasogea kwenye meza, akasema, "Jiliwa, bomba lililokatwa huoshwa ndani. Chenga zikifika kwenye beringi, injini imekwisha."

Nilisikia kila neno. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia kwamba limeambiwa jiliwa, sikuambiwa mimi. Siku zote maneno ya jiliwa yalikuwa yangu, ila siku ile niliamua si yangu. Mzee akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Nikaanza kupiga mluzi. Akaja mpaka nyuma yangu, nikaviona viatu vyake vimesimama, nami nikajisukuma chini ya gari nikajitia nina nati ya kukaza. Kunishika mkono asingeweza. Kwenda kunishitaki kwa Bhai angeweza, lakini hakwenda, maana mtu hamshitaki mkwewe kwa mwajiri. Viatu vilikaa pale kitambo, kisha vikaondoka.

Saa sita nilipanda. Tulipita mbele ya kanisa, nikavua kofia, wasichana wakapiga kelele, Elina akajiziba mdomo kwa kanga. Geji ilisimama wima. Hakuna tone la oili lililovuja. Mzungu alinipa kopo la sigara, akaondoka kwenda Mbozi na kuendelea mbele, na mimi kwa siku tatu nilivimba kichwa hata kofia ikanibana.

Siku ya nne gari la kijani lilirudi likivutwa na lori kwa mnyororo. Injini ilikuwa imenoki, yaani imegonga na kukwama, kwenye mlima. Tulipoifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ilimwagika ikimetameta chenga za shaba. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Mzee alichovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akakitazama, kisha akajipangusa. Beringi zote zilikuwa zimechimbika, na kranki, mhimili unaozunguka ndani yake, imekwaruzika.

Mzungu alikuwa mwekundu shingoni. "Nani nafunga hii?" aliuliza, maana mimi alinidhani kijana wa kutazama kama oili inavuja tu.

Bhai alikwisha kusahau nani alifunga nini, au alijifanya amesahau. Alimgeukia Mzee. "Silwimba, wewe iko fundi mkubwa. Sema."

Nataka ulione jambo hili kama nilivyoliona, mwanangu. Mzee alinitazama. Mkwe hatazamani na mkwewe, lakini yeye alinitazama usoni waziwazi, na hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa akingoja. Nami nikafanya nini? Nikainamisha uso, nikakunja mikono mbele, nikasimama kwa adabu zote za kijana mwenye posa. Mtu yeyote wa kwetu aliyepita angesema, tazameni kijana yule alivyolelewa.

"Kazi zote za humu ziko chini yangu," Mzee akasema.

Mzungu alisema mtu huyo hataki kumwona tena karibu na gari lolote la machimbo, na Bhai, ambaye nusu ya kazi zake zilitoka machimboni, alimwambia Mzee achukue vitu vyake. Yohana alinitazama pia, lakini onyo lile la jiliwa hakulisikia, na neno la Mzee hakuthubutu kulipinga. Nyumba ya Mzee ilikuwa ya karakana, nyuma ya uzio. Jua lilikuwa bado juu nilipomwona akitoa vitanda nje pamoja na mkewe. Alirudi Msangano kushika jembe na mgongo wake ule uliokwisha kuharibiwa na kuinamia malori miaka yote.

Usije ukanitetea kwa kusema mwiko ulinizuia. Nilijitetea hivyo mwenyewe kwa miezi. Mwiko ulinizuia kusema mbele ya Mzee, haukunizuia kumfuata Bhai baadaye nikiwa peke yangu. Mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi kila siku. Niliupita kila siku. Na juu ya hayo Bhai akanipa mimi ufundi mkubwa, nami nikaupokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Nilihamia hata kwenye nyumba ile. Ukutani mama mkwe alikuwa ameacha msumari aliotundikia chujio. Sikuwahi kutundika kitu pale.

Mavuno yalipopita, nikaitwa Msangano kuingizwa ndani. Nilikwenda na mjomba wangu. Niliogopa kwamba watanirudishia posa. Hawakurudisha. Walipika ugali wa ulezi na kuku, wakanikalisha mkekani, na Mzee akaja akakaa mbele yangu. Alikuwa amekonda. Mikono yake, iliyokuwa myeusi kwa oili siku zote nilizomjua, ilikuwa na rangi ya udongo. Akamega tonge, akanipa, nikala. Kuanzia hapo aliruhusiwa kunisemesha, na watu wakanyamaza kusikia neno la kwanza la mkwe, ambalo huwa ni baraka.

Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Mkwe akikosea akafungua kinywa kabla ya siku yake, faini yetu ni kuku mmoja. Unajua?"

"Najua, baba."

"Siku ile nilikungoja. Kuku nilikuwa nimekwisha kumchagua, wa kukulipia mimi mwenyewe."

Kisha akainua sauti, akatubariki mimi na Elina mbele ya wote, baraka ndefu, nzuri, isiyopunguzwa kitu. Mimi nililia. Wanawake walipiga vigelegele wakidhani nalia kwa furaha, na Elina akainama kucheka kwa haya.

Kesho yake nilirudi Tunduma nikamweleza Bhai kila kitu. Alinisikiliza, akashusha pumzi. Mzungu alikuwa amekwisha kuondoka nchini na machimbo yake yamefungwa. Bhai alimtumia Mzee ujumbe arudi, na Mzee akajibu kwamba mgongo hauwezi tena. Niliacha ufundi mkubwa, nikaendelea kama fundi wa kawaida, na cheo kile akapewa Yohana, na hilo lilikuwa haki yake. Kila msimu nilikwenda Msangano kulima shamba la mkwe. Tuliongea mengi huko, kuhusu mvua, kuhusu watoto, kuhusu injini. Habari ile hakuitaja tena mpaka tulipomzika. Elina nilimwambia tukiwa na watoto wanne. Hakuongea nami siku mbili, na siku ya tatu akaniuliza kwa nini nilingoja mpaka baba yake awe kaburini.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, wewe unayeanza kazi na kuanza kuheshimiwa. Adabu ni nguo ya kumvalia mwenzako, usiifanye pazia la kujifichia. Ukinyamaza, jiulize kwanza kimya chako kinamwangukia nani. Kikikuangukia wewe peke yako, nyamaza, huo ni ustahimilivu. Kikimwangukia mwingine, fungua kinywa hata kama ni kwa kukiuka desturi, hata mbele ya mkwe, hata mbele ya kasisi, na faini utaitoa baadaye. Na onyo likikufikia kwa njia ya kuzunguka, usilikatae kwa sababu ya njia lililopitia. Wewe unajua ni lako. Mimi nilijua. Tena ukiwa umeshachelewa, sema hata hivyo, wakati aliyeumia bado yu hai wa kukusikia. Mimi nilisema kwa Bhai, nikasema kwa mke wangu, ila kwa Mzee mwenyewe sikuwahi kutamka neno "nisamehe". Nilimlimia shamba miaka yote nikitumaini jembe litanisemea.

Nenda salama. Mikono yako na ifanye kazi ambayo hakuna mwingine atakayelaumiwa kwayo. Na siku utakapokosea, maana utakosea, Mungu akukutanishe na mtu wa kukungoja kama nilivyongojwa mimi, na akupe kinywa nilichokikosa.